Baiskeli ya Milioni Mbili na Mlima wa Kikuyu

Kampuni ya Specialized ilipotoa baiskeli yake ya mbio, S-Works Tarmac SL8, mwaka 2023, bei yake ilitangazwa kuwa dola 14,000 za Marekani. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 129, hiyo ni zaidi ya KSh milioni 1.8. Bado hujalipia usafiri, wala ushuru wa forodha, wala VAT ya asilimia 16, na kodi hizo hukokotolewa juu ya bei ya baiskeli pamoja na bima na nauli ya mzigo. Ikitua Nairobi imeshavuka milioni mbili. Kwa pesa hizo mtu hununua gari dogo lililotumika. Hata hivyo baiskeli za namna hiyo zipo, utaziona Jumapili alfajiri zikipanda Ngong Road kuelekea Karen, na kila anayeanza mchezo huu huzitazama na kujiuliza kama naye ajikaze anunue.

Kwa mtu anayeendesha kati ya katikati ya jiji na Westlands, Kilimani, Lavington, Karen au Kikuyu, ushauri wangu ni asinunue. Pesa huleta faida kubwa sana mwanzoni: ukitoka kwenye baiskeli nzito ya vyuma vilivyolegea ukaingia kwenye baiskeli ya mbio iliyo nzima, utahisi tofauti siku hiyohiyo. Faida hiyo huendelea mpaka kiasi fulani, ambacho kwa baiskeli mpya mimi hukiweka kati ya laki mbili na laki tatu na nusu. Kupita hapo unalipa pesa nyingi kwa kitu kidogo, na katika barabara zetu hicho kidogo mara nyingi hakifiki miguuni.

Tuanze na uzito, kwa sababu muuzaji ataanzia hapo. Atakuambia uinyanyue fremu kwa kidole kimoja. Shirikisho la dunia la mchezo huu, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, na zile za bei ya juu hukaribia kikomo hicho. Baiskeli nzuri ya alumini ina kilo 9 hadi 10. Tofauti ni kilo tatu hivi. Sasa mchukue mwendeshaji wa kilo 70 anayesukuma wati 200, nguvu ya mtu mwenye mazoezi ya kutosha ambaye si bingwa. Akitoka katikati ya jiji kwa Waiyaki Way, akapita Kangemi, Uthiru na Kinoo hadi Kikuyu, atakuwa amepanda mita 300 hivi kwenda juu. Kuziinua kilo 80, yaani yeye na baiskeli yake, kwa mita 300 kunamgharimu dakika 20 za nguvu hiyo yote. Mwondolee kilo tatu: ataokoa kama sekunde 45. Matatu moja ikisimama mbele yake Kangemi kupakia abiria, zimekwisha. Chupa mbili za maji za mililita 750 zikijaa ni kilo moja na nusu, nusu ya tofauti iliyolipiwa zaidi ya milioni.

Hoja ya pili ya wauzaji ni upepo, na siku hizi ndiyo inayovumishwa zaidi. Fremu yenye umbo la kukata upepo hupimwa kwenye handaki la majaribio, mara nyingi kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa, kisha unaambiwa imeokoa wati 20. Huenda ni kweli. Lakini nguvu inayoliwa na upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, na hushuka vivyo hivyo. Kwa kilomita 30 kwa saa, kasi ambayo wengi wetu huifurahia barabara ikiwa tambarare, wati 20 hizo zimekuwa sita. Tena Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi, kwa hiyo hizo sita zinabaki tano. Kwenye mlima wa Kinoo, ambako unaenda kilomita 15 kwa saa, hakuna cha kuhesabu.

Sehemu kubwa ya upepo, karibu robo tatu, hugonga mwili wako na si baiskeli. Ukikunja viwiko, ukashusha kifua, ukavua lile jaketi linalopepea, umepata zaidi ya inavyotoa fremu yoyote. Ukikaa vizuri nyuma ya mwenzako kwenye kundi umeokoa robo ya nguvu zako au zaidi, bila kulipa chochote. Lakini mgongo hauwezi kukaa chini kwa saa mbili kama baiskeli si ya kipimo chako, na hapo ndipo ninapowasihi watu watoe pesa: kupimwa. Urefu wa fremu, kimo cha kiti, umbali wa usukani. Nimeona watu wenye fremu za kaboni za laki nane wakiendesha mikono ikiwa imenyooka kama vijiti kwa sababu fremu ni ndefu mno kwao, ilinunuliwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani.

Hapo Kikuyu kwenyewe kuna ushahidi kwamba bei ya baiskeli si kila kitu. Kijijini Mai-a-Ihii ndiko mwendeshaji baiskeli David Kinjah alikowalea vijana wa kundi lake la Safari Simbaz, akiwafundisha kuendesha na pia kutengeneza baiskeli kwa mikono yao. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alikuwa mmoja wa wavulana waliomfuata Kinjah kwenye milima hii, kwa baiskeli ambazo duka la leo la Westlands lisingeziweka dirishani. Baiskeli za Pinarello zilikuja baadaye, akiwa katika timu ya Team Sky, pamoja na ushindi wa Tour de France wa 2013, 2015, 2016 na 2017. Ule wa 2017 aliushinda kwa sekunde 54 tu baada ya wiki tatu za mbio. Kwa mtu wa aina hiyo sekunde 45 kwenye mlima mmoja zina thamani, na ni haki timu yake izilipie. Wewe unayefika kazini Upper Hill saa mbili kasoro robo huzihitaji.

Unachohitaji, nakuambia kwa uhakika, ni tairi. Tairi ngumu za bei rahisi zinazokuja na baiskeli nyingi hula nguvu nyingi zaidi ya tairi laini nzuri. Kubadilisha jozi kunaweza kukupa wati 10 na zaidi kwa kilomita 30 kwa saa, mara mbili ya ile fremu ya upepo, kwa sehemu ndogo mno ya bei. Upana nao una maana. Kwa muda mrefu tuliamini tairi nyembamba za milimita 23 zilizojazwa hewa hadi ziwe ngumu kama mti ndizo zenye kasi. Kwenye lami laini kama kioo labda, lakini sisi tunapita pembeni, kwa sababu barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, hairuhusu baiskeli, na huku chini tunabanwa ukingoni: vipande vya chupa, nyaya nyembamba kutoka matairi ya malori yaliyopasuka, vifuniko vya mitaro vyenye mianya inayoelekea uendako, matuta yasiyopakwa rangi. Weka milimita 28 au 32. Mtu wa kilo 70 kwenye 32 anaanzia PSI 55 hivi, kisha anapunguza au kuongeza kidogo mpaka mikono iache kufa ganzi. Kwa hiyo, kabla hujatazama jina lililoandikwa kwenye fremu, uliza kama tairi ya 32 inapita bila kugusa. Fremu nyingi za zamani hazipitishi zaidi ya 25, na hiyo inatosha kuiacha.

Na shimo? Rimu ya alumini ikigonga shimo hupinda, na fundi mzuri mwenye ufunguo wa spoki huinyoosha jioni hiyohiyo. Rimu ya kaboni ikigonga vibaya hupasuka, na habari yake imeishia hapo.

Swali la fundi ndilo ningependa kila mnunuzi alale nalo usiku mzima. Ikiharibika Ijumaa jioni, nani ataitengeneza, na kipuri kitatoka wapi? Baiskeli nyingi za juu siku hizi hupitisha nyaya na mipira ya breki ndani ya usukani hadi ndani ya shingo ya fremu. Zinapendeza sana. Lakini beringi ya shingo ikiota kutu baada ya masika, na hapa itaota, kuibadilisha kunamlazimu fundi kufungua mpira wa breki, kumwaga mafuta, kufunga upya na kutoa hewa. Kazi ya nusu saa imekuwa ya nusu siku, kama yupo mwenye vifaa. Vilevile pale krenki inapozunguka: tafuta fremu yenye beringi za kufungwa kwa nyuzi, si za kushindiliwa kwa nguvu, ambazo hulia vumbi likiingia na huhitaji mashine maalumu kuzitoa. Kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia deraila ya nyuma nunua viwili siku unayonunua baiskeli. Kila fremu ina chake, na kikivunjika safari zako zimesimama mpaka kingine kiletwe.

Bei kubwa haimaanishi kitu kisichovunjika. Septemba 2023 kampuni ya vipuri ya Shimano ilitangaza ukaguzi wa krenki zake za bei ya juu, Ultegra na Dura-Ace, zilizotengenezwa kati ya 2012 na katikati ya 2019, kwa sababu sehemu mbili zilizounganishwa kwa gundi zilikuwa zinaachana. Marekani na Kanada pekee zilikuwa 760,000 hivi. Krenki hizo zimejaa kwenye baiskeli za mitumba zinazotua hapa, na ukiona mojawapo, angalia herufi za tarehe zilizochongwa nyuma ya mkono wa krenki kabla hujalipa. Fikiria pia uchakavu: giri kubwa za kaseti ya Dura-Ace ni za titani, nyepesi sana, na huisha haraka kuliko za chuma. Katika vumbi letu hiyo ni gharama ya kila mara. Shimano 105, ya bei nafuu kuliko hizo, hubadilisha gia vizuri karibu sawasawa, na hata Tiagra haitakuaibisha. Hesabu meno, usihesabu sifa: mbele 34, nyuma 34, nawe utapanda kutoka mji wa Ngong kuelekea vilimani umekaa kitini.

Kuna mahali ambapo mimi hulipa bila kusita, nako ni breki. Breki za diski za mafuta, kwenye mteremko wa kurudi kutoka Kikuyu mwezi Aprili, lami ikiwa imelowa na lori liko mbele, zinakusimamisha kwa vidole viwili. Zina thamani kuliko gramu zozote. Kama fundi wako hazijui, diski za waya ni afadhali kuliko breki za rimu.

Kwa mfuko wa laki tatu, ningetoa laki mbili kwa baiskeli yenyewe, au laki moja na kitu kwa mtumba ulio safi. Kinachobaki kiende kwenye tairi nzuri, kofia ngumu, taa za mbele na nyuma zinazoonekana mchana, viatu, kufuli, kupimwa, cheni ya akiba na kipimo cha uchakavu wa cheni. Hicho kipimo ni kitu kidogo kinachookoa pesa nyingi: cheni ikibadilishwa kabla ya kurefuka kwa asilimia 0.75, kaseti hudumu. Weka kando pia pesa za fundi za mwaka mzima. Wengi husahau hili, na ndiyo maana barabarani kuna fremu za kifahari zenye cheni inayolia kama mlango.

Anayestahili ile ya milioni mbili yupo. Ni mwanariadha anayeshindana kweli na ambaye timu inamlipia. Pia ni mtu ambaye karo imelipwa, akiba ipo, baiskeli aliyo nayo ameitumia mpaka anajua kwa nini haimtoshi, na anaipenda tu ile nyingine. Kupenda kitu kilichotengenezwa kwa ustadi ni sababu halali na simlaumu. Namwomba tu atafute bima, aiweke ndani ya nyumba wala si maegeshoni, na kwenye Southern Bypass, hasa sehemu zinazopita kando ya Msitu wa Ngong Road, aende na kundi.

Ukienda kwenye mitumba, nenda mchana. Pindua baiskeli usome namba ya fremu chini ya krenki. Kama imekwanguliwa, ondoka. Kaboni ichunguze kwa tochi, hasa kwenye viungo na chini ya mrija wa mbele, ukigongagonga kwa sarafu: mlio ukibadilika ghafla na kuwa wa kufa, pana ufa ndani. Legeza nguzo ya kiti uone kama inatoka, maana zilizoganda ni nyingi na kuzitoa kunaweza kuharibu fremu. Zungusha usukani ukisikiliza beringi. Kisha mlipe fundi wako muda wake aje aitazame naye aiendeshe, na risiti iandikwe namba ya fremu pamoja na jina na kitambulisho cha muuzaji, ili ikija kudaiwa kituo cha polisi uwe na karatasi ya kuonyesha.