KUSOMA UKIWA MBALI NA CHUO

Kabla ya likizo ya Juni mwalimu wetu wa darasa alitupa kazi ya nyumbani: kila mmoja aeleze njia moja ambayo mtoto wa kwao aweza kuifuata mpaka elimu ya juu, ikiwa mlango wa kidato cha tano umemfungia. Wenzangu wengi waliandika habari za vyuo vya ufundi. Mimi niliandika habari za kusoma kwa mbali, maana kwetu Litapunga nimeliona jambo hili kwa macho yangu, na Mhariri ameniomba nilitoe katika gazeti letu.

Yafaa msomaji ajue kwanza kwamba jambo lenyewe si geni. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watu wasiokaa chuoni wafanye mitihani yake na kupewa digrii. Tangu hapo mtu aliye mbali aliweza kusomea kwake, na wengi walipata masomo yao kwa posta. Nelson Mandela alisoma sheria kwa njia hii akiwa kifungoni, akapata digrii ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, naye bado ni mfungwa.

Hapa kwetu Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kutoa masomo kwa posta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika miaka hiyo hiyo redio nayo ilifanywa darasa. Mwaka 1973 ilikuwako kampeni iliyoitwa “Mtu ni Afya”. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini. Walisikiliza kipindi, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, kiongozi wa kikundi akaongoza mazungumzo, kisha wote wakaenda kuchimba vyoo. Habari hii ya vikundi imenipendeza sana, nami nitairudia.

Ndipo kikaja Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Sheria yake, Namba 17, ni ya mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza walianza masomo mwaka 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao yake ni Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, hata mwalimu, askari au mama mwenye watoto aweza kusoma bila kuacha kazi wala nyumba yake. Siku hizi masomo huja kwa mtandao, kwa hiyo kilichokuwa mfuko wa posta sasa ni simu.

Sasa nije nyumbani. Dada yangu mkubwa aliingia kidato cha kwanza mwaka 2016, mwaka ule ule ambao Serikali iliondoa ada kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne. Watu wakasema sasa hakuna kikwazo. Walakini mama aliugua mwaka huo, na wadogo walihitaji mtu wa kuwapikia. Dada akaacha shule. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wadogo, nikiwa na umri wa miaka minane.

Mtu aliyeacha shule hivyo ana njia ya kurudi, ijapokuwa ni ndefu. Kwanza hufanya Mtihani wa Maarifa, ambao watu huuita QT. Akifaulu, aweza kuandikishwa kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Akipata masomo manne, yasiwe ya dini, aweza kuomba masomo ya cheti. Kutoka cheti hupanda stashahada, na kutoka stashahada hupanda shahada. Dada alianguka QT mara moja, akaifanya tena. Leo yuko katika ngazi ya cheti, na chuo chake sitakitaja.

Simu yake ni moja, na ndiyo simu ya nyumba nzima. Baba huitumia kuuliza bei ya mahindi. Nyumbani mtandao hauingii vizuri, kwa hiyo jioni dada huchukua kiti na taa ya sola akaenda kukaa juu ya kichuguu kilicho nyuma ya mashine ya kusaga. Watoto humcheka. Siku moja alifungua somo la video ili amwone mwalimu akifundisha, na kabla ya nusu saa bando lote lilikuwa limekwisha. Fedha ya bando hilo ilitoka katika debe la mahindi ambalo lilikuwa la kununulia madaftari yangu. Nilikasirika, sitaficha. Kisha niliona haya, nikachukua kalamu nikafanya hesabu, nayo ni hii.

Habari zote katika simu hupimwa kwa biti, na biti 8 ni baiti 1. Tuseme video ya kawaida hutumia biti 1,000,000 kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha, kisha gawanya kwa 8: utapata baiti 450,000,000, yaani megabaiti 450. Sasa chukua sauti peke yake, bila picha, kwa biti 64,000 kila sekunde. Kwa saa moja utapata megabaiti 28.8 tu. Mwisho chukua maandishi. Herufi moja ni baiti 1. Ukurasa wenye herufi 2,000 ni baiti 2,000, na kitabu cha kurasa 200 kisicho na picha ni baiti 400,000, ambazo hazifiki hata nusu ya megabaiti. Basi kwa gharama ya kumtazama mwalimu mmoja kwa saa moja, dada angeweza kuletewa vitabu zaidi ya 1,000.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo alinyamaza kitambo, akasema, “Mdogo wangu, kwa nini basi hawatuletei vitabu?” Sikuwa na jibu. Nadhani wanaotengeneza masomo hayo hukaa mahali ambapo mtandao hauhesabiwi kwa debe la mahindi. Siku hizi dada hupakua maandishi kwanza, kisha sauti akipata nafasi, na video huitazama tu kwa rafiki yake Mpanda mjini.

Wako watu wanaosema kwamba masomo ya mtandaoni yatawafikisha maskini wote chuoni, kwa kuwa mengine ni ya bure. Mwaka 2012 kampuni ya Coursera na shirika la edX vilianza huko Marekani kufungua masomo ya vyuo vikuu vikubwa kwa mtu yeyote mwenye mtandao. Ni jambo zuri. Lakini mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliwauliza wanafunzi wake wa masomo hayo, kikaona kwamba walio wengi sana walikuwa na digrii tayari. Tena wengi wanaoanza masomo ya namna hiyo hawamalizi. Sishangai. Kitu cha bure kilichoandikwa kwa Kiingereza kigumu, ambacho hakuna anayekuuliza umefika wapi, ni rahisi kukiacha. Ndiyo maana nimesema nitarudia habari za vikundi vya redio. Kilichowashika watu wale, kwa maoni yangu, hakikuwa redio peke yake, ila kijitabu kilichokuwa mkononi na kiongozi ambaye angejua kama hukuja.

Dada naye alikaribia kuacha. Mvua za Machi zilipovunja mtandao siku tatu, alikuwa na kazi ya kupeleka chuoni kabla ya Ijumaa. Alipanda bodaboda hadi Mpanda mjini, akaipeleka ikiwa imebaki saa moja. Huko alikutana na wanafunzi wawili wa masomo yale yale, mmoja mwalimu wa shule ya msingi na mwingine fundi cherehani. Tangu siku hiyo hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mmoja hupakua, watatu husoma, na aliyeelewa huwaeleza wenzake kwa Kiswahili.

Sisi wa bweni haturuhusiwi simu, na sisemi turuhusiwe. Lakini maktaba yetu ina kompyuta, na pengine walimu wataona yafaa masomo ya maandishi yapakuliwe humo, ili hata waliomaliza shule waje siku ya Jumamosi kuyanakili bila bando. Nimekwisha kumweleza mwalimu wa maktaba, naye akaniambia niandike barua.

Dada amebakiza masomo mawili. Mimi nina mtihani wa Novemba. Nikirudi Litapunga mwezi wa Desemba, zamu ya kupika itakuwa yangu, na ya kubeba kiti mpaka kwenye kichuguu pia.