Mbwa wa Msasi na Shamba la Jirani

Katika majimbo ya kusini ya Marekani iko desturi ya kale ya kuwinda kulungu kwa mbwa. Kulungu wa huko, mwenye mkia mweupe kwa chini, hujificha mchana katika vichaka na vinamasi ambamo mtu hupenya kwa shida. Basi wasasi huwafungua mbwa upande mmoja wa msitu, nao husimama na bunduki upande wa pili. Mbwa hunusa nyayo, hubweka, na kumfukuza mnyama hata atokeze mbele ya wenye kumngoja.

Zamani mashamba yalikuwa makubwa na majirani wachache. Mashamba hayo yalipokatwa vipande na kuuzwa kwa watu wengi, ugomvi ulizaliwa. Kwani kulungu haombi ruhusa avukapo mpaka, wala mbwa hajui kusoma kibao.

Kila mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Wenye mashamba husema kwamba mbwa wasio wao huingia bila idhini, hutisha mifugo, na kuwakimbiza wanyama mbele ya mtu aliyekaa kimya akiwinda katika ardhi yake mwenyewe. Tena wapo wasasi wasio na adabu, ambao huwafungua mbwa makusudi penye kipande kidogo cha ardhi, wakijua kwamba mawindo yatatoka kwa jirani. Wasasi nao hujibu kwamba wameirithi kazi hii kwa baba zao, kwamba huwakutanisha wazee na vijana, na kwamba mbwa aliyepotea ni mali ya mtu na mwenziwe, hawezi kuachwa msituni.

Serikali za majimbo hazikukata shauri hili kwa njia moja. Texas ilipiga marufuku kuwinda kulungu kwa mbwa mwaka 1990. Georgia, kwa sheria ya mwaka 2003, haikukataza, bali iliweka masharti: sharti kuwe na kibali, na ardhi iwe eka 250 zilizoshikana ikiwa ni ya mwenye kibali mwenyewe, au eka 1,000 ikiwa imekodiwa. Tena namba ya kibali sharti ionekane juu ya mbwa na juu ya gari, ili mwenye kosa ajulikane.

Virginia imeshika njia ya tatu. Sheria yake humruhusu msasi wa kulungu, ikiwa mawindo yalianzia kwingine, kuingia katika ardhi iliyokatazwa ili amchukue mbwa wake. Walakini haruhusiwi kuchukua bunduki wala kuwinda humo, wala kuingia na gari pasipo idhini ya mwenye shamba. Naye akiulizwa jina lake akakataa kwa makusudi kujitambulisha, amevunja sheria.

Katika Georgia na Virginia jambo moja ni wazi. Mbwa hajui mpaka, lakini bwana wake anaujua. Kwa hiyo mzigo wa kuulinda mpaka hutwikwa bwana, wala si mbwa.

Maswali ya kufikiria: Je, haki ya kumfuata mbwa yaweza kukaa pamoja na haki ya kumiliki shamba? Kama yaweza, nani apaswa kubisha hodi kwanza, na lini: kabla mbwa hawajafunguliwa, au baada ya kuingia?