Fonti na Umbo la Neno: Jina la Chalinze kwa Hati Mbili

Herufi ionekanayo katika kioo cha kompyuta ina pande mbili: namba na mchoro. Namba huitambulisha, mchoro huionyesha. Katika orodha ya kimataifa iitwayo Unicode, C ya jina la Chalinze ni namba 67 popote pale duniani. Lakini iwe nene au nyembamba, hilo ni shauri la fonti, yaani faili lililohifadhi michoro ya herufi pamoja na vipimo vyake.

Programu haichoti michoro hiyo yenyewe. Huiachia klasi maalumu kazi hiyo. Katika Pillow, maktaba ya picha ya lugha ya Python, klasi hiyo ni FreeTypeFont, nayo huitwa kazini kwa amri ya ImageFont.truetype ikipewa jina la faili na ukubwa utakiwao. Michoro iliyo ndani ya faili haina pikseli bali vizio. Ikiwa mraba wa fonti umegawanywa katika vizio 1,000, na herufi ina upana wa vizio 600, basi kwa ukubwa wa 40 upana wake ni 600 ÷ 1,000 × 40, yaani pikseli 24. Amri ya getlength hutoa urefu wa mwendo wa neno zima, na getbbox hutoa mipaka ya eneo linalochorwa. Vipimo hivi aghalabu havilingani, na ni rahisi kuvichanganya: cha kwanza humfaa apangaye neno baada ya neno, cha pili humfaa awekaye neno katikati ya kibao.

Mathalani, mwanafunzi wa Chalinze, njia panda ya Morogoro na Segera, anataka kuchora kibao chenye jina la mji kwa hati ya Kilatini na kwa hati ya Kiarabu. Hati hii ya pili si ngeni: Utenzi wa Tambuka uliandikwa kwayo mwaka 1728. Kwa hati ya Kilatini anachagua Andika, fonti ya shirika la SIL iliyobuniwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na jina linatoka safi. Kisha anaipa fonti hiyo hiyo چلينز, herufi tano bila alama za irabu. Anapata visanduku vitupu. Fonti yenye jina la Kiswahili haina mchoro hata mmoja wa hati iliyokihifadhi Kiswahili kwa karne kadhaa!

Akiifungua Scheherazade New, fonti ya hati ya Kiarabu, visanduku vinatoweka, lakini neno laweza bado kuharibika. Pillow ina njia mbili za kupanga maandishi. Njia ya msingi huchukua namba moja moja na kuichora kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa Kilatini hiyo yatosha. Kwa Kiarabu, herufi nyingi zina maumbo manne: la pekee, la mwanzo, la kati na la mwisho. Hivyo che, lamu, ye, nuni na ze hutoka zimetengana, tena zimepangwa kinyume. Njia ya pili, Raqm, hutumia FriBidi kujua mwelekeo na HarfBuzz kuchagua maumbo, kwa kufuata majedwali yaliyomo ndani ya fonti yenyewe.

Pasipo Raqm, na kama mwandishi wa programu hakuitaja, Pillow hushika njia ya msingi kimya kimya. Programu haikwami, picha inatoka, na asiyesoma hati hiyo haoni kasoro yoyote. Kibao kinaweza kusimamishwa barabarani hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuchora yafaa kuuliza kwa features.check kama Raqm ipo, na baada ya kuchora, kumwonyesha picha mtu aisomaye hati ya Kiarabu.

Zoezi: Jina Bagamoyo lichorwe kwa hati ya Kiarabu kwa njia zote mbili, ukubwa ukiwa uleule. Lipimwe kwa getlength kila mara, na ielezwe kwa nini vipimo vinaweza kutofautiana.