Utani na Misingi ya Mawasiliano Baina ya Watu

Mwanadamu anapozungumza na mwenziwe hupeleka habari mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza imo katika maneno yenyewe. Ya pili huonyesha jinsi msemaji anavyouona uhusiano wake na msikilizaji. Shuleni hufundishwa zaidi ile ya kwanza, ilhali ugomvi mwingi wa maneno huzuka katika hiyo ya pili.

Mfano mzuri hupatikana Iguguno, mji mdogo wa Wilaya ya Mkalama ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Wengi wa wenyeji ni Wanyiramba, nao ni watani wa Wasukuma. Msafiri wa Kisukuma ateremkapo garini na kuketi kwa muuza chai, aweza kulakiwa hivi: "Aa, mtumwa wangu umekuja! Toa kwanza kodi ya mwaka jana, ndipo unywe." Naye hujibu: "Tangu lini mtumwa akamdai bwana wake kodi?" Wote wawili hucheka, na chai humiminwa. Maneno yayo hayo yakitamkwa na mtu asiye mtani ni tusi zito, la kufikishana barazani. Je, kilichobadilika ni nini?

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani, alieleza mawasiliano kuwa ni safari ya ujumbe kutoka kwa mpelekaji, kwa njia yenye kelele, hadi kwa mpokeaji. Maelezo hayo yamefaa sana katika simu na redio. Lakini Shannon mwenyewe alitahadharisha kwamba maana ya ujumbe haikuwa sehemu ya tatizo lake la kihandisi. Pale kwa muuza chai ujumbe umefika wote, bila kelele, na bado haijulikani kama ni tusi au ni mapenzi.

Jibu lililo karibu zaidi lilitolewa na mwanaanthropolojia Gregory Bateson. Mwaka 1952 alikwenda kuwatazama kima wadogo wakicheza katika bustani ya wanyama ya San Francisco. Walishambuliana kama wapiganao, lakini hawakuwa wakipigana. Bateson alihitimisha kwamba hapana budi wanyama hao wanapashana ishara nyingine, iliyo juu ya ile ya kwanza, isemayo: "huu ni mchezo." Mwanadamu huitoa ishara hiyo kwa uso, kwa mlio wa sauti, kwa kicheko. Mnyiramba na Msukuma wana zaidi ya hayo, kwani mila iliwawekea ishara hiyo kabla hawajazaliwa.

Utani huu umechunguzwa tangu zamani. R. E. Moreau, aliyeandika juu yake mwaka 1941, alijulikana zaidi kwa kuchunguza ndege kule Amani, Usambara! Mwaka mmoja kabla yake, A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwamba katika uhusiano wa namna hii mila humruhusu mtu, na pengine humlazimisha, kumdhihaki mwenziwe, naye mwenziwe hana ruhusa ya kukasirika. Neno "humlazimisha" lastahili kuangaliwa vema. Msibani, mtani anayekaa kimya kama mgeni amewanyima wafiwa haki yao. Atakiwalo ni kusema kwamba marehemu amekimbia madeni, au kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, hata wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka. Maneno ni ya dhihaka, habari ya pili ni kwamba "sisi tu wenu."

Hapa ndipo mwalimu aliyehamishiwa mahali pageni hupata taabu. Asiyejua utani huadhibu mchezo. Anayeujua nusu huacha uonevu upite kwa jina la utani, na kosa hili la pili ni baya zaidi. Kipimo ni kumtazama anayetaniwa: je, anarudisha jibu kwa uhuru? Utani wa makabila huenda pande zote mbili. Dhihaka inayokwenda upande mmoja tu, kwa mtoto anayeinamisha kichwa, si utani, hata kama makabila ni yale yale.

Shida huzidi katika ujumbe wa simu. Uso na sauti hubaki kwa mpelekaji, na mpokeaji hupata neno tupu: "mtumwa." Vile vikatuni vya nyuso zinazocheka ni juhudi ya kuirudisha ishara ya Bateson, lakini ni juhudi dhaifu, hasa ujumbe ukipelekwa mbele kwa watu wasiowajua watani hao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutuma ujumbe kwa kusudi la kumtisha au kumsumbua mtu, na anayedai kwamba alikuwa akitania hana kicheko cha kuonyesha.

Zoezi: Wanafunzi wawili wasome kwa sauti mazungumzo ya muuza chai na msafiri mara tatu: kwanza kama watani, pili kama maadui, tatu bila kubadili sauti wala uso. Darasa liandike kila mara ni ishara zipi zilizolifanya litambue uhusiano wao, na katika usomaji wa tatu lieleze lilibahatisha kwa kutegemea nini.