Kutoka Paka wa Nyumbani hadi Simba wa Saadani: Somo Katika Ziara

Mwalimu hodari huanza na lile alijualo mwanafunzi, kisha humwongoza hadi lile asilolijua. Kanuni hii ni rahisi kuitaja darasani, bali huwa ngumu kuifuata safarini. Katika makala haya tutaeleza ziara moja tuliyoifanya pamoja na mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, na wanafunzi wa Darasa la Tano kutoka Ngamiani, Tanga.

Maandalizi

Siku moja kabla ya safari, wanafunzi walitandaza mchanga uliolowa kidogo juu ya sinia, wakaweka dagaa upande wa pili. Paka alipopita, aliacha nyayo. Walizipima, wakapata kadiri ya sentimita 3. Waliona alama za vidole vinne na kitanga, wala hapakuwa na alama ya kucha. Mwanachuo aliwaeleza kwamba paka huficha makucha yake ndani ya ala anapotembea, yasije yakawa butu. Mbwa hawezi kufanya hivyo. Ndiyo maana unyayo wake huonyesha kucha.

Hadi hapo kazi ilikuwa njema. Kosa lilikuwa katika andalio la somo, mahali pa madhumuni: “Wanafunzi waweze kumwona simba.” Mwalimu hana mamlaka juu ya simba. Madhumuni hayana budi kutaja tendo ambalo mwanafunzi ataliweza, hata mnyama asipotokea.

Ziarani

Tulifuata njia ya pwani kupitia Tongoni na Kigombe hadi Pangani, tukavuka mto kwenda Bweni, kisha tukashika njia ya Mkwaja. Saadani ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ndani yake imo ardhi iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, ambayo ilisumbuliwa sana na mbung'o, na ikaachwa mwaka 2000. Hapo nyika hukutana na Bahari ya Hindi.

Hadi alasiri tulikuwa tumeona twiga, ngiri na kuro, wala si simba. Watoto walianza kunung'unika. Ndipo askari wa hifadhi alipotuonyesha unyayo kando ya njia yenye mchanga. Mwanafunzi mmoja aliuchunguza, akasema, “Vidole vinne, hakuna kucha. Huyu ni paka!” Walipima kadiri ya sentimita 12. Manung'uniko yakakoma. Simba hakuonekana, lakini somo lilionekana.

Tukiwa papo hapo tuliorodhesha jamii ya paka: simba, chui, duma, mondo, simbamangu na kimburu. Duma ni wa pekee, kwani makucha yake hayafichiki kabisa, na huonekana katika nyayo zake. Fungo, ambaye wengi humdhania kuwa paka, si wa jamii hii.

Swali lililokosa jibu

Tulipokuwa tukirejea, mtoto mmoja aliuliza: “Mwalimu, chui alimla mbuzi wa bibi yangu. Kwa nini basi tumtunze?” Mwanachuo alijibu, “Wanyama ni mali ya taifa,” akaendelea na jambo jingine. Mtoto alinyamaza hata tukafika mjini.

Jibu lile halikuwa uongo, lakini lilimfunga mtoto kinywa. Nasi wakufunzi tuliokuwapo tulinyamaza pia, na hilo ni kosa letu. Ilipasa kwanza kukubali kwamba bibi amepata hasara ya kweli. Pili, kueleza kwamba chui huwala pia nyani na nguruwe mwitu, ambao huharibu mashamba. Tatu, kuwauliza watoto zizi lijengweje. Wangegundua wenyewe kwamba chui ni mpandaji, hivyo ukuta bila paa haumzuii. Nne, kueleza kwamba kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama wakali, nayo ni mkono wa pole, si fidia kamili.

Siku iliyofuata mwanachuo alimrudia yule mtoto mbele ya darasa, akamwomba asimulie kisa cha mbuzi tangu mwanzo. Darasa zima lilichora zizi. Hilo ndilo lililokuwa somo bora kuliko yote ya juma lile.

Mwalimu mtarajiwa na akumbuke: mtoto anayeuliza swali gumu hakupingi, bali anakuletea ujuzi wa nyumbani kwao. Ukiupokea, umepata zana ya kufundishia isiyonunuliwa dukani.

Mazoezi

1. Andika upya madhumuni ya somo hili ili yatimizwe hata kama hakuna mnyama atakayeonekana.
2. Tayarisha sinia la mchanga, ulinganishe nyayo za paka na za mbwa.
3. Mwanafunzi wako anasema simba wote wauawe. Andika maswali matatu utakayomwuliza kabla hujamjibu.