Unakwenda Mwaka Kogwa? Yajue Haya Kabla Hujapanda Gari

Kila Julai wenyeji wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, huuaga mwaka wao wa jadi na kuukaribisha mpya. Watu hutoka Mjini, Pemba, Bara na ng'ambo kwenda kuangalia. Wengi huona vumbi na moshi tu, kisha hurudi bila kujua walichokiona. Ukijua mpangilio wa siku, utafaidi zaidi.

Asili na tarehe

Mwaka Kogwa ni Nairuzi ya Waswahili, mila inayohusishwa na Washirazi waliofika mwambao huu kutoka Uajemi. Mwaka wake ni wa siku 365 na hauongezewi siku kama ule wa Februari yenye siku 29. Kwa hiyo kila miaka minne hurudi nyuma kwa siku moja katika kalenda ya kawaida. Katikati ya karne ya 19 uliangukia mwishoni mwa Agosti, na siku hizi ni karibu na tarehe 23 Julai. Usibuni tarehe kwa kutazama ya mwaka jana, bali ulizia mapema. Sherehe huchukua siku nne, na mambo makubwa hufanyika siku ya kwanza.

Utakachokiona

Kwanza ni mapigano ya migomba. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini hukabiliana uwanjani wakichapana kwa vigogo vya mgomba. Hapo hutolewa nyongo za mwaka mzima, na mapigano yakiisha, ugomvi nao umekwisha. Ni wenyeji wanaopigana. Wewe kaa pembeni, na watoto uwashike mkono.

Wakati huo wanawake waliovaa nguo zao nzuri hupita wakiimba nyimbo za mafumbo na utani. Anayejua Kiswahili atacheka sana, maana hakuna anayesalimika.

Kisha hujengwa kibanda cha makuti. Mzee wa mila huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio. Watu hutazama moshi unaelekea wapi, kwani huaminiwa kuonyesha bahati ya mwaka unaoanza. Usisimame upande unakoelekea upepo, kwa kuwa makuti makavu huwaka kwa kasi.

Baada ya hapo ni ngoma, chakula na kwenda pwani kuoga.

Usafiri

Makunduchi iko umbali wa takriban kilomita 65 kutoka Mji Mkongwe. Barabara hupita Tunguu na Jozani. Ukifika Kitogani unashika njia ya Muyuni, si ile ya Paje. Gari ya shamba ya Makunduchi ni namba 310. Siku hiyo magari hujaa, basi ondoka asubuhi. Jioni usafiri huwa haba: patana mapema na dereva wa kukurudisha, au tafuta pa kulala Jambiani au Paje. Aliye na nafasi apitie Kizimkazi Dimbani, kwenye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, aone jinsi Uislamu ulivyotia mizizi zamani upande huu.

Adabu

Makunduchi ni kijiji cha Waislamu, kwa hiyo funika mabega na magoti, mwanamke na mwanamume sawa. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wanawake na wazee. Usiingie katikati ya duara la kibanda ili upate picha nzuri. Chukua maji na kofia, kwani uwanjani jua ni kali.

Na ukiitwa nyumbani kula, usikatae kwa haya. Kwa imani ya hapa, siku ya mwaka kila nyumba inafaa iwe na mgeni, na nyumba iliyomkosa huonekana imepungukiwa na heri. Ukila, hata matonge mawili, umemfaa mwenyeji wako.