Mrija wa mgongoni: mnajuaje umefika penyewe?

Mama mjamzito wa Ilongero, mkoani Singida, anamwuliza daktari wa usingizi.

Daktari, wenzangu waliojifungua kwa upasuaji walichomwa sindano ya mgongo. Hii ya kupunguza uchungu ndiyo hiyohiyo?

Siyo, dada. Ile hupenya hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, dawa ikaingia mara moja na miguu ikafa ganzi. Hii husimama nje ya utando unaoyazunguka maji hayo. Hupitishwa mrija mwembamba, sindano hutolewa, mrija hubaki, na dawa huongezwa kidogo kidogo hadi mtoto azaliwe. Nchini kwetu bado ni adimu, kwa kuwa humtaka mtaalamu wa usingizi awe karibu muda wote.

Lakini ndani hamuoni!

Hatuoni, mkono ndio unaotueleza. Nyuma ya sindano tunafunga bomba lenye maji ya chumvi. Sindano ikiwa ndani ya kano, maji yanagoma kusukumika. Ikivuka tu, bomba linalegea ghafla. Kwa wengi ni sentimita 4 hadi 6 kutoka kwenye ngozi.

Mrija ukishapita, tunafanya kama mnunuzi wa alizeti anayechoma gunia kwa bambo aone kilichomo: tunavuta kwa bomba tupu. Ikija damu, tumeingia kwenye mshipa. Yakija maji maangavu, tumetoboa utando. Isipokuja kitu, mimi bado siuamini, maana mrija unaweza kuwa mshipani na damu isivutike.

Ndiyo sababu ya dozi ya majaribio: kwa kawaida mililita 3 za lidokaini ya asilimia 1.5 yenye mikrogramu 15 za adrenalini. Tunaitoa uchungu ukiwa umetulia, kwani uchungu wenyewe hupandisha mapigo ya moyo. Mapigo yakiruka kwa 20 hivi ndani ya dakika moja, masikio yakavuma au mdomo ukawa na ladha ya chuma, dawa imeingia kwenye damu. Miguu ikiwa mizito ndani ya dakika 5, imeingia kwenye maji ya uti wa mgongo. Kwa hiyo tunakuomba uinue mguu.

Yote yakiwa sawa, kazi imekwisha?

Bado. Dawa kamili hutolewa kwa mafungu, presha ikipimwa kila baada ya dakika chache. Baada ya dakika 15 au 20 tunakugusa barafu tumboni: usisikie baridi kuanzia kitovuni kushuka, kulia na kushoto. Upande mmoja ukisikia, tunauvuta mrija nje kidogo. Ikishindikana, tunautoa na kuanza upya. Usione aibu kusema "bado inauma". Hakuna mashine inayotuambia hilo. Tena mrija huweza kuhama ukijigeuza, hivyo kila nyongeza ya dawa huanza kwa kuvuta tena.

Nikipanga kujifungulia hospitali kubwa, niseme nini?

Ulizia huduma hii mapema kliniki. Taja kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, umewahi kupasuliwa mgongo, au ganzi ilishawahi kukudhuru.